Koti la Kale

Nyumba niliyonunua ilikuwa gofu. Mtaa mzima ulikuwa hivyo: nyumba za miaka mia na ushei zimeshikana mabega, nusu yake zimefungwa, mifereji ya paa imeziba, maji ya mvua yanateremkia ndani ya kuta. Tulikuwa wachache tulioapa kuufufua. Bahati mbaya mimi nilikuwa nimesoma kidogo, na huo ni ugonjwa usio na dawa.

Nilitaka kuanza na rangi. Fundi akaniuliza kama nampaka maiti wanja. "Kwanza paa, mkubwa. Halafu mifereji. Ukuta utafuata, na rangi ndiyo ya mwisho."

Ukuta wenyewe ulikuwa umepigwa lipu ya saruji na aliyenitangulia. Kosa kubwa. Ukuta wa matofali na chokaa huvuta unyevu na kuutoa. Ukiuziba kwa saruji, maji hukwama ndani na lipu huvimba kama shavu la mwenye jino bovu. Nilipolijua hilo, hakukukalika nami. Saruji ya Portland ilipata hataza, yaani haki ya mvumbuzi, mwaka 1824, na tarehe hiyo niliihubiri hadi kwa watu waliokuwa wanasubiri basi.

Fundi alinifunza kugonga lipu kwa mpini wa mwiko. Ikilia ko-ko, imeshika. Ikilia bo-bo, imeachia, ibandue.

Jumamosi fundi hakuja. Nikagonga ukuta wa sebuleni peke yangu. Ko-ko. Ko-ko. Boooo.

Mwenye akili angesubiri Jumatatu. Mimi nikasema moyoni: kidaka cha ukutani kilichozibwa! Nikashika patasi na nyundo. Chini ya lipu palikuwa na matofali ya safu moja tu, yamesimamishwa kwa ubavu. La tatu likaingia ndani, nikalisikia likitua juu ya kitu laini. Nikaupenyeza mkono hadi begani, nikagusa nguo.

Lilikuwa koti jeusi, zito, limejaa vumbi (vumbi langu mwenyewe, la dakika ile ile). Lilinukia naftalini, vile vidonge vya kufukuza nondo. Harufu hiyo ingetosha kunizindua, lakini nani ana pua siku ya hazina? Nilivaa glavu za kuoshea vyombo, za waridi, nikalitandaza mezani, nikawaita majirani.

Walikuja kumi na mmoja. Niliwaeleza mkato wa kola, uzito wa kitambaa, na jinsi vifungo vile vinavyoonyesha lilikuwa la karani mwenye hadhi. Mama mmoja alifuta machozi. Nadhani ni vumbi. Mtoto wake akaipindua kola.

"Mbona limeandikwa lisioshwe kwa mashine?"

Nilikuwa bado natafuta jibu la kitaalamu alipoingia Mzee wa nyumba ya pili. Akapokea shikamoo zetu, akalitazama koti kwa muda mrefu, kisha akatia mkono mfuko wa ndani na kutoa miwani.

"Nimeitafuta tangu Jumatano," akasema, akaivaa, akanitazama vizuri. "Na hili nilitaka kulivaa keshokutwa, harusi ya mjukuu wangu."

Kumbe kabati lake limechimbwa ndani ya ukuta tunaochangia, na upande wangu likaachiwa tofali moja tu la kutusitiri.

Jumatatu fundi alichungulia tundu, akayaona mashati ya Mzee yamejipanga. Hakucheka papo hapo. Kwanza alitafuta ndoo ya kukalia.

Tukaziba kwa matofali na chokaa. Sasa, chokaa haina haraka: hukomaa polepole kwa kuvuta hewa ya ukaa, na ikikauka mbio hupasuka. Lazima ifunikwe magunia mabichi na kunyunyiziwa maji kwa siku kadhaa, pande zote mbili. Upande wangu si tatizo. Upande wa pili uko kabatini kwa Mzee, na mashati yamehamia kitandani kwake. Kwa hiyo kila asubuhi nachukua ndoo na brashi, natoka nje, nasimama mlangoni kwake.

"Hodi!"

"Nani?"

"Mimi, Mzee. Jirani."

Kimya kidogo, halafu sauti toka ndani:

"Aa! Leo umepitia mlangoni?"