Kumnyamazisha mtoto au kumtuliza?

Mtoto wa miaka mitatu amejibwaga chini mbele ya duka la Mangi kwa kunyimwa biskuti, anarusha miguu, na kandambili yake moja imekwisha kutumbukia mtaroni. Wateja wanamtazama mama, si mtoto. Chini ya macho yale zipo njia tatu za haraka: kumfinya, kumnunulia au kumpa simu, na zote humnyamazisha.

Wanaotetea ukali wana hoja isiyofaa kubezwa. Mtoto anayepata kila akililiacho huzoea kudai kwa makelele, na mzazi arudiye jioni kutoka kibaruani, anayeishi chumba kimoja na kusikilizana na majirani ukutani, hana nusu saa ya kumdadisi mtoto moyo wake. Hata hivyo, hoja hiyo inachanganya kumzuia mtoto asipate biskuti na kumzuia asikasirike kwa kuikosa. La kwanza ni wajibu wa mzazi. La pili ni kudai asichokiweza, kwa kuwa sehemu ya mbele ya ubongo, inayosaidia kuzuia msukumo, huendelea kukomaa hadi miaka ya ishirini na kitu. Aliyefinywa hunyamaza kwa hofu, lakini hajajua namna ya kuishusha hasira yake.

Upande wa pili, unaohimiza hisia zitajwe kwa majina, huitwa uzungu. Sikubaliani. Kiswahili hutenganisha kununa, kususa, kudeka na kijicho. Kasoro ni kwamba maneno hayo tumeyafanya mashtaka. "Amenuna huyo, mwacheni," husemwa naye akisikia. Akiambiwa kwa upole, "Umekasirika nimekunyima, eti? Leo hatununui," amepewa jina la kinachomchemka bila kupewa biskuti, wala dakika haijaisha. Wanaopotoka upande huu ni wale wanaomhutubia mtoto katikati ya kilio, wakati hasikii lolote. Bibi zetu walimbeba kwanza, maneno yakafuata.

Simu ndiyo ngumu kuitetea. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2019 kwamba walio chini ya mwaka mmoja wasiwekwe mbele ya skrini kabisa, na wa miaka miwili hadi minne wasizidishe saa moja kwa siku. Lakini mama yule naye ana hasira na aibu, na hapo dukani hakuna aliyejitolea hata kumwokotea kandambili.