Kibanda cha nyimbo na hesabu ya programu

Imeenea dhana miongoni mwa wapenzi wa muziki hapa Mwanza, hasa wenye simu nzuri na bando la kutosha, kwamba kazi ya kutafuta nyimbo ngeni imekwisha. Soul ya zamani ya Detroit, hip-hop isiyopigwa redioni, midundo ya elektroniki ya Berlin au Kampala, yote, wanasema, yamo kwenye programu ya kusikilizia, nayo humpendekezea mtu hata asichokijua. Kwa mtazamo huo, kijana wa kibanda cha Makoroboi au Mlango Mmoja, anayewaingizia wateja nyimbo kwenye flashi na memori kadi, ni masalia ya enzi za CD, tena ni mwizi wa jasho la wasanii. Shutuma ya wizi ina uzito, na nitaifikia. Hiyo nyingine naona haijapimwa.

Programu zina haki yake. Tangu Spotify ilipoingia Tanzania mwaka 2021, ikizikuta huduma nyingine kama Boomplay, mwanafunzi wa Sengerema anaweza kumtafuta mwimbaji aliyerekodi santuri moja miaka ya sitini akatoweka, akamsikia papo hapo na kulisoma jina lake. Hilo si dogo.

Tatizo ni namna pendekezo linavyopatikana. Kwa sehemu kubwa programu huangalia waliosikiliza wimbo huu walisikiliza upi mwingine, kisha humwelekeza msikilizaji huko, kwa hiyo wimbo ambao hakuna aliyeusikiliza hauachi nyayo za kufuatwa. Kampuni hizi huchambua pia sauti yenyewe, lakini matokeo yanajieleza. Ripoti ya Luminate, kampuni ya takwimu za muziki, ya mwisho wa mwaka 2023 ilihesabu rekodi milioni 184 kwenye huduma za kusikiliza. Kati yake milioni 158.6 zilichezwa mara 1,000 au pungufu kwa mwaka mzima, zikiwemo milioni 45.6 ambazo hazikuchezwa hata mara moja. Mtu atasema nyingi ni takataka: sauti za mvua, nakala za nakala, majaribio ya watoto. Na tukubali, kwa ukarimu kupita kiasi, kwamba tisa kati ya kila kumi za hizo milioni 158.6 hazifai. Bado zinabaki takriban milioni 16, na kwa dakika tatu kila moja, msikilizaji angehitaji miaka 90, usiku na mchana, kuzimaliza. Tena tangu mwaka 2024 Spotify hailipi kwa wimbo ambao haujafikisha mara 1,000 katika miezi kumi na miwili, maana yake hoja kwamba programu ndiyo inayomlinda msanii inamwacha nje yule yule aliyesahaulika.

Kibanda hufanya kazi kwa njia nyingine. Mteja aliyeleta dagaa Mwaloni na anayetaka kuwahi meli ya Ukerewe hutaja nyimbo chache anazozijua, halafu husema kadi ijazwe. Katika nafasi hiyo iliyobaki ndimo mwenye kibanda huweka anachokipenda kwa sikio lake: rapu ya kijana wa Igoma ambaye hajawahi kufika studio kubwa, au soul ambayo mteja asingejua hata kuiulizia. Mteja hakuiomba, lakini itapigwa kwenye spika, na watu wataisikia. Singeli nayo haikungoja programu: ilisambaa Dar es Salaam kwa vigodoro, zile sherehe za mitaani, na simu za mkononi kabla kampuni ya muziki ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala haijatoa mkusanyiko wa Sounds of Sisso mwaka 2017, na wasikilizaji wa Ulaya wakaipokea kama elektroniki mpya.

Historia ya muziki wenyewe iko upande wa watu wa namna hii. Mwaka 1969 kundi la The Winstons lilitoa santuri iliyouzwa kwa wimbo wa upande wa kwanza. Upande wa pili, Amen, Brother, ulipita kimya. Ma-DJ wa hip-hop ndio waliogeuza santuri, wakakikuta kipande cha dramu cha kama sekunde sita, na kipande hicho kikaja kuwa uti wa mgongo wa jungle, mtindo wa elektroniki wa Uingereza, miaka ya tisini. Takwimu za mauzo zisingemwonyesha mtu kipande hicho.

Ila mpiga dramu, Gregory Coleman, alifariki mwaka 2006 akiwa fukara, bila kulipwa chochote kwa matumizi hayo. Hapa ndipo shutuma ya wizi inapouma. DJ Kool Herc, mmoja wa waasisi wa hip-hop, aliloweka santuri zake ili kuzibandua lebo, wapinzani wasijue anacheza nini. Vibanda vyetu hubandua lebo bila hata sababu hiyo, wimbo ukaitwa "Track 07" au ukapewa jina la kibanda. Kuuokoa wimbo huku ukimfuta mwenyewe ni wema wenye kasoro kubwa, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 haina simile nayo.

Hata hivyo, kuvifunga vibanda kungemwondoa mwenye kibanda, msikilizaji anayechagua kwa sikio lake, bila kumpa msanii shilingi. Ningependelea COSOTA, ofisi ya hakimiliki nchini, ivipe leseni ya ada nafuu, kwa sharti kwamba kila faili libaki na jina la msanii na la wimbo. Kazi ngumu itakuwa kupanga ada hiyo, kwa kuwa kijana anayejaza kadi kwa bei ndogo hataweza kulipa kiwango kinachotozwa kumbi za starehe.