Nani amlipie mwanagenzi wa habari nauli?

Vyuo vinapofunga kwa likizo ndefu, vyumba vya habari vya Nairobi hujaa nyuso mpya: wanagenzi, yaani wanafunzi wa uanahabari wenye barua ya chuo na daftari la kuandika kazi ya kila siku. Watakaa miezi mitatu hivi. Na kila msimu wahariri na wahadhiri hurudia ugomvi wao. Wahariri wanasema wanaletewa vijana waliobobea katika nadharia za mawasiliano ila hawawezi kuandika aya ya kwanza ya habari ya ajali. Wahadhiri wanajibu kwamba vijana walikwenda kufunzwa, badala yake wanatumwa kunakili hotuba na kuleta chai. Naona wote wawili wanalikwepa suala la nauli.

Hoja ya wahariri si ya kupuuzwa. Vyombo vikubwa vya jiji hili vimepunguza wafanyakazi awamu baada ya awamu. Matangazo yamehamia kwenye simu, na serikali imelimbikiza madeni ya matangazo iliyoyachapisha. Wale wahariri wasanifu waliokuwa wakimketisha kijana na kumwonyesha kwa nini sentensi yake imepinda wamepungua sana. Mhariri aliyebaki ana ukurasa, tovuti na mitandao ya kijamii, na mwanagenzi humwongezea kazi kabla ya kumpunguzia. Jina la mtoto likichapishwa kimakosa kutoka mahakama ya Milimani, anayebeba lawama ni mhariri. Kisheria pia ana pa kusimama: Sheria ya Ajira ya 2007 inamhesabu mwanagenzi wa mkataba miongoni mwa waajiriwa, lakini huyu wa likizo hana mkataba. Ni mwanafunzi wa chuo, na chuo ndicho kinachopokea karo.

Vyuo navyo havijazaliwa jana. Taasisi ya Mawasiliano ya Umma ya Kenya ilianza mwaka 1961 ikiwafunza mafundi wa utangazaji, kazi ya mikono hasa, na Chuo Kikuu cha Nairobi kikafungua shule yake ya uanahabari mwaka 1970. Kwamba kazi hii inahitaji darasa na uwanja pamoja, hilo halibishaniwi tena.

Sasa mchukue mwanafunzi anayeishi Kayole au Githurai. Nauli ikiwa shilingi 100 kwenda na 100 kurudi, siku 5 kwa wiki, wiki 12, ni shilingi 12,000. Hiyo ni ikiwa mvua haijanyesha jioni, maana Nairobi ikinyesha nauli hupanda pale pale kituoni. Na hapo bado hajala. Aliyetoka Lodwar au Kwale ana kodi ya chumba juu yake, au shangazi wa Umoja ambaye subira inamwishia. Hawezi kusema ataacha, kwa sababu bila alama za mafunzo hayo hafuzu.

Wengi huishia hapo na kulalamika kwamba vijana wanatumikishwa bure. Malalamiko hayo ni ya haki, lakini siyo yanayoninyima usingizi. Kinachonisumbua ni kile kinachoujaza mwanya huo.

Mwanagenzi hupelekwa na ripota mkongwe kwenye kikao na wanahabari hotelini. Kikao kikiisha, orodha inazungushwa. Jina, chombo, sahihi, kisha bahasha. Mwandalizi hasemi ni hongo. Anasema ni nauli. Kwa ripota mwenye mshahara na gari la kampuni likimngoja nje, huo ni uongo unaojulikana na pande zote. Kwa mwanagenzi ni kweli tupu. Ametumia shilingi 200 zake, na huyu ndiye mtu wa kwanza mjini kumrudishia. Darasani alisoma kanuni za maadili zilizo chini ya Sheria ya Baraza la Vyombo vya Habari ya 2013, zinazomtaka mwanahabari akatae zawadi na fadhila zinazoweza kuutia doa uadilifu wake. Akazijibu kwenye mtihani, akapita. Mhadhiri akija kumkagua ataangalia daftari, na daftari halina safu ya bahasha.

Kibaya zaidi ni kwamba pesa hizo zinamfunza kuchagua habari. Ubomoaji wa nyumba Mukuru haumrudishii mtu nauli. Ni matatu mbili, matope, na mashahidi wanaoogopa kutaja majina. Uzinduzi wa bidhaa hotelini una chakula, bahasha na taarifa iliyokwisha kuandikwa. Kijana ambaye mfukoni hana kitu hahitaji kuwa mlafi ili aombe apangiwe hoteli. Anahitaji tu kujua hesabu. Mhariri naye anaona kijana mwenye bidii anayeleta habari kila siku. Kisha tunakaa tukishangaa kwa nini kurasa zetu zimejaa uzinduzi na matamko.

Nitaambiwa kwamba hata wenye mishahara hupokea bahasha. Ni kweli, na nauli ya mwanagenzi haitawaponya hao. Lakini mtu mzima mwenye mshahara anapopokea, anajua anachokivunja. Mwanagenzi anafunzwa kwamba hakuna kilichovunjwa, na anayemfunza ni yule yule aliyekabidhiwa amwongoze.

Sidai mshahara. Nadai nauli na chakula cha mchana, ambavyo si ukarimu bali ni gharama ya kupata habari safi. Wanafunzi 10 kwa nauli niliyoipiga hesabu hapo awali ni shilingi 120,000 kwa msimu mzima, fedha ambazo kampuni yenye studio ya televisheni haiwezi kufilisika nazo. Vyuo vichangie kutoka kwenye karo ya muhula ambao mwanafunzi hakukalia dawati lao. Na Baraza la Vyombo vya Habari, ambalo tayari huwaidhinisha wanahabari, liulize kila chombo kinachopokea wanagenzi kinawafikishaje kwenye habari.

Hoja yangu inalegea kidogo nikifika kwenye redio za kijamii kama Koch FM ya Korogocho au Pamoja FM ya Kibera, ambazo huwategemea sana watu wa kujitolea. Kuzilazimisha zilipe ni kuzifungia mlango wa wanagenzi. Ila huko mwanafunzi wa mtaani anakwenda kazini kwa miguu, na habari za ubomoaji ziko jirani. Zisamehewe. Kanuni ianze na kampuni ambazo hisa zake zinauzwa katika Soko la Hisa la Nairobi.