Mililita 300 Zinakwenda Wapi?

Injini ya Toyota IST ya cc 1500, ile ya 1NZ, ukibadili oili pamoja na filta inakunywa lita 3.7. Si 4. Kitabu cha gari kimeandikwa Kijapani mwanzo mwisho, lakini namba ni namba. Galoni dukani lina lita 4. Mtoto wa darasa la tatu atakwambia zinabaki mililita 300, kikombe cha chai na tone la kumwonjesha mgeni. Sasa pita gereji yoyote hapa Mwanza, kuanzia Mabatini hadi Igoma, uulize hicho kikombe kinakwenda wapi.

Mafundi wa oili wapo wa aina mbili. Wa kwanza anamimina zote, anapindua galoni, analikamua kama ng'ombe wa mwisho wa kiangazi, kisha anajifuta mikono: "Gari limeshiba, bosi." Mililita 300 peke yake haziui injini. Shida ni kwamba hata ile ya zamani haikutoka yote. Gari lilipigwa jeki upande mmoja, oili ikajikusanya kwenye kona ya sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, kona isiyo na tundu, na injini ilikuwa ya baridi, kwa hiyo oili ilikuwa nzito kama uji wa ulezi. Ukijumlisha masalia na shibe, dipstiki, kile kijiti cha kupimia oili, inasoma kidole kizima juu ya alama. Hapo krenki, ule mhimili unaozunguka ndani ya injini, inaanza kuipiga oili mwiko hadi inatoa povu, na povu halilainishi chuma. Presha nayo inatafuta sili dhaifu ya kutokea. Baada ya wiki mbili fundi huyohuyo anakwambia injini yako "imeanza kutoa jasho", anataka kuishusha.

Fundi wa pili anapima vizuri, anafunika galoni, na kikombe kinabaki kwake. Huyu ana afadhali. Nitamrudia.

Watu wenye maneno mepesi watakwambia: si upeleke kwa wakala rasmi? Haya, twende. Kwa wakala kuna kiyoyozi, kuna sofa, na sakafu ambayo ungeweza kulia ugali na sato bila sahani. Dada wa mapokezi anakuita "mteja wetu" na anaomba namba ya gari, herufi na tarakimu 17. Wewe una NCP61, kistari, tarakimu saba. Magari yaliyotengenezwa kwa ajili ya barabara za Japani hayapewi namba ya 17. Yanapewa namba ya fremu, basi. Dada anaingiza, kompyuta inakataa. Anaingiza tena, inakataa kwa herufi kubwa zaidi. "Gari lako halipo kwenye mfumo." Gari lipo nje pale, limepaki, linaonekana kwenye kioo, lina hadi stika ya Kijapani ya oili iliyobadilishwa enzi za mwenye gari wa kwanza. Lakini kwenye mfumo halijazaliwa.

Wakikupokea, kazi yao ni nzuri, nisiwasingizie. Wana lifti, kwa hiyo gari linanyanyuliwa sawasawa na oili inatoka yote. Wana spana ya kipimo, ile inayolia "kla" nguvu ikifika. Nati za magurudumu ya Toyota ndogo zinakazwa nyutoni-mita 103, kwa msalaba, gari likiwa chini. Nyutoni-mita 103 ni mtu wa kawaida kuvuta spana ya kipimo kwa mkono mmoja bila kukunja uso. Si kijana wa kilo 70 kupanda juu ya wili spana na kuchezacheza kama yuko kwenye ngoma ya Bujora. Ndiyo maana ukipata pancha usiku ile njia ya Usagara, nati haitoki hata umwite nani, na ikitoka inatoka na boliti yake.

Ila wakala anakuandikia bili kwa saa za kazi, halafu anaweka VAT juu. Na hatengenezi, anabadilisha. Bushi moja ya mkono wa gurudumu imechoka? Anakuuzia mkono mzima. Mpira wa kalipa ya breki umepasuka? Kalipa nzima. Nawaelewa: kwenye katalogi yao hicho kimpira hakina namba ya kuagizia. Mfuko wangu nao hauna namba ya kuagizia.

Basi tunarudi chini ya mwembe, kwa fundi asiyehitaji namba 17, anayehitaji advansi tu.

Tumwangalie kwa karibu anavyotoa oili. Nati ya sampu inafunguliwa kwa spana 14. Ina washa yake laini, iliyowekwa pale ijibonyeze mara moja na kuziba. Ikishabonyea imemaliza kazi, unaweka mpya. Fundi wetu anaifuta kwa kitambaa, anaibusu kwa macho, anairudisha. Inavuja. Dawa ya kuvuja kwake ni kukaza. Kitabu kinataka kama nyutoni-mita 38, yaani mkono mmoja, spana fupi, na adabu. Yeye anachomeka bomba kwenye spana ili ipate urefu wa jembe. Nyuzi za sampu zinakatika. Sevisi ijayo anakwambia "nati imelewa", anaweka ya saizi kubwa. Inayofuata anazungushia tepu ya mafundi bomba. Inayofuata ni gamu. Kufikia hapo gari lako halibadilishiwi oili tena, linafanyiwa upasuaji.

Filta nayo. Raba ya filta ya zamani hupenda kubaki imeganda kwenye injini. Fundi asipopitisha kidole pale, anafungia filta mpya juu ya raba ya zamani. Raba mbili haziwezi kukaa pamoja kama wake wenza wa nyumba moja: ukiwasha gari tu, ya juu inateleza na oili inamwagika yote chini kwa dakika chache. Pitisha kidole wewe mwenyewe. Raba mpya ipakwe oili kidogo, filta izungushwe kwa mkono hadi iguse, kisha robo tatu ya mzunguko. Kwa mkono! Wanaoikaza kwa mnyororo ndio haohao mwakani wanaoitoboa kwa bisibisi ili itoke.

Sasa usije ukatamka neno "joto" mbele ya fundi. Ukitamka, umeisha. Anafungua, anatoa themostati, anakuonyesha kama daktari aliyetoa jino: "Hiki kidude ni cha baridi ya Japani, huku hakina kazi." Bwana, kile kidude kinafunguka maji yakifika nyuzi 80 hadi 84. Ukikiondoa, asubuhi ya mvua injini inachelewa kupata joto, kompyuta inadhani bado mapema, inaongeza petroli. Wiki inayofuata unamrudia fundi kulalamika gari linakula mafuta, anakuuzia plagi. Na themostati ya injini hizi ina kisahani cha nyuma kinachoziba njia ya mkato. Ukiondoa yote, sehemu ya maji inazunguka ndani ya injini bila kupita kwenye rejeta. Yaani umetoa dawa ya joto na ukakaribisha joto.

Mchawi mara nyingi ni kifuniko cha rejeta. Kisome juu, kimeandikwa 1.1. Hiyo ni presha. Mwanza iko kama mita 1,140 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji ya sufuria hapa yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi, si zile 100 tulizokaririshwa. Kifuniko kizima kikibana hadi 1.1, kuchemka kunasogea hadi karibu 120. Kikichoka raba, injini yako ina ruhusa ya kuchemka kama maharage. Kabla hujashusha silinda hedi, badili kifuniko. Ila fundi hapati kitu kwenye kifuniko, kwa hiyo hakioni. Na yale maji ya ndoo anayoongeza, hata yawe yametoka ziwani asubuhi hii yakiwa bado na dagaa mmoja, yanaleta kutu ndani. Weka kulanti, yale maji maalumu ya rejeta, na usichanganye ya rangi hii na ile kama juisi ya harusi.

Halafu kuna vijana wa mashine. Siku hizi kila mwenye simu na kidude cha kuchomeka chini ya usukani ni mtaalamu wa umeme wa magari. Taa ya injini imewaka, kidude kimesoma P0171. "Sensa ya oksijeni imekufa, bosi." Mashine haikusema hivyo. P0171 inasema mchanganyiko una hewa nyingi kuliko petroli. Nani kasababisha, haikusema. Ni jirani kukwambia kwako kunanuka, wewe ukaenda kubomoa choo. Huenda paipu ya hewa imepasuka, sensa ya upepo imejaa vumbi la Nyakato, au pampu ya petroli imechoka. Mwambie akusomee asilimia ya petroli inayoongezwa na kompyuta. Kama gari likiunguruma limesimama ni zaidi ya 10, na ukikanyaga hadi mizunguko 2,500 inashuka kuelekea sifuri, kuna mahali hewa inaingia kwa wizi, tafuta paipu. Ikipanda kadiri unavyokanyaga, angalia petroli na sensa ya upepo. Kijana atakutazama kama umemtukana, ataifuta hiyo P0171 kwenye mashine, taa itazima, utalipa. Itawaka tena hujamaliza wiki.

Tuje kwenye mawe. Jiji hili lilijengwa na mawe kwanza, sisi tukaja baadaye, na mawe mengine hayajakubali kutoka barabarani. Kwa njia zetu za kupanda milimani, bushi za loa amu, ile mikono ya chini inayoshika magurudumu, ndizo zinazolia "kwi kwi kwi" kama kitanda cha gesti. Unanunua mpya, za bei, zinafungwa, miezi mitatu zimekatika. Fundi analaumu Mchina. Mchina hana kosa! Bushi ni mpira uliogandishwa kati ya vyuma viwili, na boliti ikikazwa chuma cha ndani hakizunguki tena. Fundi akikaza gurudumu likining'inia kwenye jeki, mpira unajifunza kwamba hapo ndipo nyumbani. Ukishusha gari, mpira umepindwa siku nzima, na kila shimo linaupinda zaidi hadi unachanika. Njia ni moja: boliti zishikwe kwa vidole, gari lishushwe likanyage chini au juu ya vipande vya mbao vya kuongeza kimo, ulitikise mara mbili tatu likae, ndipo uingie chini ukaze. Mafundi wengi wanalijua hilo. Tatizo ni kimo cha IST na kimo cha tumbo la fundi. Haviendani.

Gia boksi nitaisema haraka kwa sababu inaniumiza. Vitz ya CVT haiwekewi oili nyekundu ya gia ya kawaida. Ndani mna mkanda wa chuma unaobana kwenye puli, na oili yake imetengenezwa ili mkanda usiteleze. Ukiweka ya kawaida unateleza, unakwangua puli, na hapo hakuna sevisi tena, kuna kuagiza gia boksi yusidi. Nissan nazo zina yao, NS-2 au NS-3 kulingana na gari. Muuza spea akikwambia "hii inaingia zote", muulize kama na yeye anavaa kiatu cha saizi zote.

Na ukiagiza spea Dar ije na basi, usiseme "pedi za IST ya 2005". Sema namba ya fremu yote, ileile iliyokataliwa kwa wakala. IST ya 1.3 na ya 1.5 hazishei kila kitu, na parseli ikishafika Nyegezi ikiwa siyo, nauli ya kuirudisha ni yako, maneno ni yako, na gari liko juu ya jiwe.

Maana lazima liwe juu ya jiwe. Ulilileta kubadili oili saa tatu asubuhi. Saa kumi jioni linangoja bushi, themostati iko kwenye kopo la boliti mchanganyiko, na galoni lako la oili lenye mililita 300 limeshaondoka. Limeondoka na nani? Na yule fundi wa pili niliyesema ana afadhali. Wateja wanne wa IST kwa siku ni lita 1 na mililita 200, na bodaboda inameza lita 1 na ushee. Shemeji yake ana bodaboda. Hesabu imekaa.

Isipokuwa oili ya gari, ile nyepesi ya kubana matumizi ya mafuta, ina dawa za kuteleza, na klachi ya pikipiki inakaa ndani ya oili hiyohiyo ya injini. Klachi inaanza kuteleza. Tambarare huoni. Unaona mlimani: injini inalia juu, pikipiki haiendi.

Saa kumi na mbili gari bado liko kwa fundi, na wewe unaishi juu, upande wa Bugando. Fundi ni mwungwana, anakupigia shemeji yake simu akupeleke nyumbani. Mnafika katikati ya mlima, injini inapiga kelele, gurudumu linawaza. Shemeji anageuka kwa heshima zote: "Mkubwa, naomba ushuke kidogo unisukume."