Kimondo Hakipakwi Mafuta ya Nazi

Wiki iliyopita kwenye grupu letu la mtaa imerushwa picha ya jiwe jeusi limekaa juu ya mizani ya jikoni, na chini yake maneno: "Kimondo orijino, kilo na ushei, mwenye pesa zake anifuate pembeni." Kabla ya adhana ya Isha bei ilikuwa imeshapanda mara mbili, na waliokuwa wakiipandisha hakuna hata mmoja aliyelishika.

Nikampigia mwenye jiwe. Namjua, ni mtu mwema, na sitamtaja.

"Sheikh, hilo jiwe umelipata wapi?"

"Shamba huku, mwalimu. Lilikuwa kutu tupu. Nimelisugua na brashi ya waya, nikalipaka mafuta ya nazi, nikalifukiza udi kidogo. Sasa linang'ara, utalipenda."

"Kabla hujalisugua ulilipiga picha pale lilipokuwa?"

"Ya kazi gani?"

Ya kazi gani! Basi ngoja niseme, maana kwenye simu nilishindwa.

Kwanza tulimalize hilo jiwe lenyewe. Lina matundu matundu ya mapovu, na kimondo chenye mapovu ni nadra mno. Visiwa vyetu vya Zanzibar ni mawe ya matumbawe, mchanga na udongo, kwa hiyo ni kweli kwamba jiwe jeusi zito huku ni mgeni. Lakini wageni wanaokuja kwa jahazi na meli ni wengi kuliko wanaotoka angani. Ukilipata jirani na pale mafundi walipokuwa wakiyeyushia chuma, jibu unalo: ni masalia ya chuma hicho. Na yule aliyetuletea kwenye grupu aya ya 25 ya Suratul Hadid, kwamba chuma kimeteremshwa, nimwambie kwamba aya naiamini kama anavyoiamini yeye. Ila aya haikusema kila kipande cheusi kilichookotwa nyuma ya gereji kimeshuka jana.

Lakini tuseme lilikuwa kimondo kweli. Brashi na mafuta yangekuwa yameshaliua, na hapa ndipo hasira yangu ilipo. Watu wanadhani kimondo ni kama dhahabu, kwamba thamani yake imo kwenye uzito na mng'aro. Thamani ya kimondo ni ushahidi. Imo kwenye hesabu ndogo ndogo sana za atomi, kiasi gani cha isotopu hii kwa kiasi gani cha isotopu ile (isotopu ni atomi za elementi moja zinazotofautiana uzito), na hesabu hiyo huvurugwa na jasho la kiganja.

Chukua oksijeni. Isotopu zake ziko tatu zisizooza, yaani zisizogeuka zenyewe kuwa kitu kingine: 16, 17 na 18. Miamba ya dunia yetu, iwe ya Kilimanjaro au ya chini ya bahari ya Pemba, inafuata mstari mmoja wa uwiano kati ya hizo tatu. Vimondo vingi vinakaa nje ya mstari huo, kila ukoo na mahali pake. Mzee wa shamba akitia karafuu puani atakwambia hii imeanikwa kwenye jamvi na ile kwenye lami, na hujamweleza kitu. Wakemia wanafanya hivyo kwa oksijeni. Mwaka 1973 Robert Clayton na wenzake walipima chembe nyeupe za kimondo cha Allende, kilichoanguka Mexico Februari 1969, wakakuta oksijeni 16 imezidi kwa namna ambayo hakuna mchakato wa kawaida wa duniani ungeweza kuileta. Chembe za aina hiyo ndizo vitu vikongwe kuliko vyote vilivyopimwa kuwa vimeundwa ndani ya mfumo wetu wa jua, miaka milioni 4,567. Ndani yake mna magnesiamu 26 iliyozaliwa na aluminiamu 26, ambayo nusu yake huoza kila baada ya miaka laki saba hivi. Maana yake chembe zile ziliganda wakati aluminiamu hiyo ingali mbichi. Hilo limesomwa kwenye kitu unachoweza kukiweka kwenye kijiko cha chai.

Na umri wa dunia yenyewe tunaousomesha skuli? Clair Patterson, Mmarekani, alitaka kuupata kwa kupima isotopu za madini ya risasi. Kila akipima, risasi ilikuwa nyingi kupita kiasi. Ilitoka hewani, kwenye vumbi, kwenye nywele za watu, kwenye vyombo vya maabara. Ilibidi ajenge maabara safi ambayo wakati wake haikuwa na mfano, aoshe kila kitu kwa asidi, ndipo kimondo cha Canyon Diablo cha Arizona na vyenzake vikampa jibu alilolichapisha 1956: miaka bilioni 4.55. Kisha akajiuliza risasi yote ile ilitoka wapi, na sehemu kubwa ya jibu ilikuwa petroli iliyotiwa risasi. Akaingia vitani na wenye petroli kwa miaka mingi. Sisi tuliokua tukivuta moshi wa magari ya Darajani tuna deni kwa mtu yule, na alianza kwa kukataa uchafu kwenye kipande cha kimondo. Halafu mwenzangu na mimi tunakifukiza udi.

Sasa linaloniuma zaidi. Kila mtoto aliyepita skuli amesikia kimondo cha Mbozi, lile pande la chuma na nikeli la tani zaidi ya 10. Sawa, ni kikubwa, watu wanapiga nacho picha. Lakini waulize kuhusu Ivuna. Nimeuliza. Mmoja akaniambia ni aina ya samaki.

Ivuna ni kijiji cha Bara, upande wa Ziwa Rukwa. Tarehe 16 Disemba 1938 pakaanguka kimondo, na kilichookotwa hakikufika hata kilo moja, gramu 705 hivi. Cheusi, laini, chepesi kuvunjika, ungekiona ungekipita. Kipande hicho kimetoa jina kwa aina nzima ya vimondo, CI, na hiyo I ni Ivuna. Vya aina hiyo duniani havizidi vichache vya kuhesabu kwa vidole. Ukiondoa gesi kama hidrojeni na heliamu, na elementi chache nyingine, mchanganyiko wake unakaribia ule wa jua lenyewe. Ndiyo maana mkemia wa Tokyo au wa Paris akitaka kujua kama jiwe lake limepungukiwa au limezidiwa na kitu, huligawa kwa vipimo vya CI. Kila siku, kwenye majedwali ya watu ambao hawajawahi kusikia Rukwa, kipimo ni jina la kijiji chetu.

Wajapani walirusha chombo chao Hayabusa2 mwaka 2014, kikaenda mpaka kwenye asteroidi Ryugu, jiwe kubwa linalozunguka jua, kikarudi Disemba 2020 na gramu 5.4. Miaka 6 kwa gramu 5.4! Walipozipima, wakakuta zinafanana zaidi na nini? Na vimondo vya aina ya Ivuna. Sisi tulishushiwa gramu mia saba bila nauli, na kwenye daftari la kemia mtoto wetu anakutana na isotopu kwa klorini 35 na klorini 37 tu, atafute wastani, apate 35.5, afunge daftari.

Najua atatokea wa kusema Ivuna ni ya Tanganyika, sisi inatuhusu nini. Yakhe, mambo ya Muungano tuyaache barazani. Kitu kilichoundwa kabla ya dunia kuwa dunia hakina upande.

Kuna jambo moja lazima nilikubali, ingawa silipendi. Kama Ivuna ingeangukia kwetu na kuwekwa kwenye kabati la ofisi fulani ninayoijua, kwa unyevu huu na chumvi hii ya bahari, leo tungekuwa na unga. Vimondo vya aina hiyo hunywa unyevu wa hewa, na salfeti, chumvi zenye salfa, huota kama mishipa ndani yake. Ndivyo ilivyokikuta kimondo cha Orgueil, kilichoanguka Ufaransa 1864, na kile kilikuwa makumbusho. Kwa hiyo sisemi vipande vya Ivuna vilivyoko nje virudishwe kesho. Mashine za kupimia isotopu nazo ni ghali, hatuna, na sitaki kusikia ahadi nyingine jukwaani. Lakini kumsomesha mtoto Ivuna kunahitaji mashine gani? Chaki ipo.

Na hili la kuokota halihitaji mashine pia. Ukiona kimondo kimeanguka, au ukakuta jiwe unalolishuku, lipige picha palepale kabla hujaligusa, uandike saa na mahali. Usilioshe, usilisugue, usilipashe moto, usilivunje "kuona ndani". Liokote kwa karatasi safi ya aluminiamu ya jikoni, si kwa mkono, ulifunge na ulitie mahali pakavu. Ndani ya vimondo vingine mna amino asidi, vijenzi vya protini, zilizoundwa huko huko angani, Ivuna ikiwamo, na kidole chako kina za kwako tele.

Na jambo ambalo kila fundi wa mtaani atakimbilia kulifanya ni kulitia sumaku. Usifanye. Vimondo vingine vimehifadhi sumaku ya zama vilipoundwa, na sumaku ya mkononi huifuta kwa mguso mmoja na kuandika ya kwake. Ile uliyoitoa kwenye spika mbovu iache mfukoni.