Kasisi naye anaumia, na "omba tu" haimtoshi

Kuna ushauri mmoja unanikera kweli, huu wa kumwambia mtu anayesikiliza maumivu ya watu kutwa nzima kwamba akizidiwa basi aongeze maombi. Wanaousema wana nia njema, bosi, waumini wenzake, hata ndugu zake, ila mara nyingi kazi yake ni kumfunga mtu mdomo kwa lugha ya dini.

Hebu fikiria kasisi wa hospitali. Anakaa na mzazi aliyefiwa na mtoto, hajamaliza hata kupumua anaitwa wodi nyingine kwa aliyeungua. Au mshauri nasaha, asubuhi anamsikiliza aliyebakwa, mchana aliyeteswa gerezani, yeye mwenyewe hakuna kilichompata lakini miaka ikienda anaanza kuota ndoto za watu wengine. Mwaka 1990 wanasaikolojia wawili wa Marekani, McCann na Pearlman, waliandika kwamba kazi hii inabadilisha taratibu yale mtu aliyokuwa anayaamini bila hata kujua anayaamini, kwamba dunia ina usalama, kwamba watu wanaaminika, kwamba maisha yangu yako mikononi mwangu. Aliyechoka kazi ukimpa likizo anarudi mzima, huyu aliyebeba maumivu ya wengine ukimpa likizo anaenda nayo hukohuko. Anakagua mlango usiku mara mbili mbili, hataki mtoto alale kwa rafiki yake, mtu akicheka na mtoto wake tu anamwangalia vibaya. Na hata DSM-5, ule mwongozo wa magonjwa ya akili wa Marekani uliotoka 2013, unakubali kwamba kukutana tena na tena na undani wa mambo ya kutisha kwa sababu ya kazi, mfano polisi wanaoshughulika na kesi za watoto walionyanyaswa, ni jambo linaloweza kumletea mtu PTSD, yaani ugonjwa wa akili unaotokana na kukumbwa na mambo ya kutisha. Sasa hapo habari ya imani haba inatoka wapi?

Kwa kasisi kuna ugumu wa ziada ambao naona watu hawaufikirii. Imani ndo anayofanyia kazi na ndo hiyohiyo inayoumia. Mtaalamu wa saikolojia akianza kujiuliza kama Mungu yupo, kesho atafungua ofisi kama kawaida, lakini kasisi akifika hapo atamwambia nani, wakati wanaomsikiliza ndo haohao wanaomlipa mshahara?

Mtafiti Kenneth Pargament amechunguza kwa miaka mingi jinsi watu wanavyotumia dini kwenye shida, na anatofautisha njia mbili. Kuna anayemwona Mungu yuko naye kwenye tabu na anawaegemea wenzake, na kuna anayeona Mungu anamwadhibu au kamtupa, na huyu wa pili kwa kawaida ndo anaonekana na msongo na sonona zaidi. Wengine wakisikia hivyo wanakimbilia kusema ona sasa, usinung'unike. Mi sikubali. Kulalamika mbele ya mtu anayekusikiliza ni jambo moja na kumeza malalamiko mpaka yakuozee ndani ni jambo lingine kabisa. Zaburi ya 88 imeanza kwa kilio na ikaishia gizani, hakuna shukrani ya mwisho, na bado imo kwenye Biblia. Nabii Yaqub kwenye Qurani alimlilia Yusuf hadi macho yakawa meupe, wanawe wakamwona anazidisha, akawajibu kwamba huzuni yake anamshitakia Mwenyezi Mungu. Rafiki zake Ayubu nao walikaa naye chini siku saba bila kusema neno, wakafanya vizuri sana, balaa lilianza walipofungua midomo.

Halafu Eliya, huyu nampenda. Amekimbilia jangwani, kachoka, anaomba afe. Malaika anakuja na mkate na maji, Eliya anakula, analala tena, anaamshwa ale mara ya pili kwa sababu safari ni ndefu. Mahubiri hakuna.

Ndo maana nasema hali ya kiroho inasaidia, tena sana, lakini ikae pamoja na usingizi, na kesi zisizopita uwezo, na mtu mwenye uzoefu ambaye si bosi wako wa kupitia naye yale uliyoyasikia. Asiye na dini naye ana yake, kuna wanaonyamaza kidogo wote pamoja baada ya mgonjwa kufariki kabla hawajaenda kwa mwingine, kuna wanaotembea msituni, sawa tu. Na kazi yenyewe inarudisha kitu: mwaka 2007 ulitoka utafiti kuhusu wataalamu wa Colombia wanaohudumia walioumizwa na ukatili wa kisiasa, wakaeleza jinsi ustahimilivu wa wale watu ulivyowatia nguvu hata wao. Naamini hilo, nimeliona. Ninachoogopa ni waajiri kulisoma wakaona wamepata sababu ya kutofanya kitu.

Maana siku ya maombi ya wafanyakazi ikitangazwa mi naenda, naimba na kulia nalia. Nikitoka pale ratiba ya zamu ni ileile, na huyo mtu wa kupitia naye kesi bado hajaajiriwa, nikiuliza naambiwa bajeti hairuhusu.