Nyigu Waliomaliza Mazungumzo ya Mahari

Siku wazee wa upande wa mchumba wangu walipopanda Werugha, huku kwenye vilima vya Taita, kutoka Voi kuzungumza mahari, mtoto wa dada yangu alikuwa na mradi wake jikoni: chupa ya mayonezi iliyojaa majani ya kabeji, mdomoni kitambaa kilichofungwa kwa raba. Alikuwa akifuga viwavi, wale wadogo wa kijani wanaoning'inia kwa uzi ukigusa jani. Wengi walikuwa wameshajifumia vifuko.

Shangazi, mkuu wa mapishi, akaona kabeji, kitambaa, chupa iko karibu na jiko. Achari hiyo! Akaipeleka mezani, kando ya pilau.

Mimi nilikuwa nimefichwa jikoni, sikio mlangoni. Baba kashikilia mbuzi kumi na wawili. Msemaji wao kashikilia wanane, hapandi ng'o. Akajipakulia pilau, akaivuta chupa, akafungua raba.

Ukelele niliousikia haukuwa wa mtu mzima.

Nikachungulia. Nyigu weusi, viuno kama uzi, walikuwa wakitembea kwenye ukingo wa sahani huku wakitikisa vipapasio vyao. Mmoja alitua kwenye miwani ya mzee. Mzee akajizaba kofi, miwani ikazama kwenye supu.

"Hawaumi, babu!" mtoto akaingia mbio. "Shida yao ni viwavi tu! Jike anamdunga kiwavi yai, funza anamla kwa ndani polepole. Kiwavi anajifumia kifuko, na badala ya nondo anatoka nyigu!"

"Kiwavi wa wapi?" mama mmoja akauliza, kijiko hewani.

"Wa kabeji!" Akamwonyesha sahani yake.

Kijiko kikashuka. Vingine vikafuata. Na mtoto ndio kwanza kapata hadhira: mababu wa nyigu hawa walitoka Taiwan, watafiti wa ICIPE, kituo cha utafiti wa wadudu, wakawaachilia hapahapa Werugha mwaka 2002, kwa sababu viwavi walikuwa wameshazizoea dawa.

"Kwa hiyo nao walikuja kama wageni, babu, kama nyinyi."

"Kumi na wawili, nimekubali!" sauti ikatoka chini ya meza. "Ifungeni hiyo chupa!"

Baba, mtu asiyepoteza nafasi, alimwomba kwanza arudie mashahidi wasikie, ndipo akaifunika.

Nyigu wengi walishatokea dirishani kuelekea shambani. Mwenye mradi anadai fidia mpaka leo: mbuzi mmoja kati ya wale kumi na wawili, tena jike.